Sura ya Tisa: Kuku Walioacha Kudonoana

"Sisaini," alisema Inspekta Felisita, akalirudisha faili upande wa pili wa meza.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Josia, hakuwa mtu wa kukataliwa. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi na hakukiweka chini. "Hebu rudia."

"Sisaini, afande. Bado."

"Marehemu unaye. Shahidi unaye. Mtuhumiwa alikuwa na ugomvi na marehemu, Bariadi nzima inajua. Unataka nini tena, malaika ashuke aje kuandikisha maelezo?"

Kwa kweli kesi ilionekana nyepesi, na ndiyo maana Felisita hakuiamini. Asubuhi ya Jumapili, Mabula, mlinzi wa usiku wa shamba la kuku lililo nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Maswa, alikutwa amekufa ndani ya banda. Alikuwa amepigwa kichwani na kitu kizito. Msimamizi wa shamba, Januarius, akaandikisha kwamba usiku huo alichungulia kwenye wavu wa banda akamwona Ndaki, mfugaji wa jirani, amesimama juu ya mwili na rungu mkononi. Na Ndaki alikuwa amegombana na Mabula kweli, tena hadharani, kwa sababu uzio wa shamba ulikata njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji lamboni. Basi, ikawa imeisha. Watu wakasema ni Ndaki, polisi wakasema ni Ndaki. Aliyekuwa anasema siyo ni Ndaki peke yake, na alisema hivyo hivyo kila alipoulizwa, hata alipoulizwa vibaya.

Faili likifika kwa wakili wa serikali mchana ule, shitaka lingekuwa mauaji, na mauaji hayana dhamana. Ndaki angekaa gerezani miaka akisubiri kesi isikilizwe, na huku nyuma ng'ombe wake wangegawanwa kabla hata hajahukumiwa. Felisita alilijua hilo na lilimuudhi, maana faili zima lilisimama juu ya mguu mmoja, nao ni macho ya Januarius.

"Shahidi aliona usiku," alisema. "Aliona kwa mwanga gani?"

Josia alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alichomoa picha kutoka kwenye faili akaitupa mezani. Ilikuwa picha iliyopigwa na askari asubuhi ya tukio: ukuta wa banda, na kidude cheusi cha kuzungusha, kile cha kupunguzia na kuongezea taa. Alama yake nyeupe ilikuwa imefika mwisho kabisa.

"Haya. Taa ziliachwa juu mwisho. Mle ndani kulikuwa mchana."

"Picha inaonyesha kidude, afande. Mwanga hauonyeshi. Mpiga picha alikuwa na jua."

"Wewe ni mbishi, Felisita."

"Ndiyo, afande. Naomba mpaka mchana."

"Wakili akimaliza kula hujarudi, nasaini mimi."

Nje, mama yake Ndaki alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kikapu cha chakula mapajani. Alikuwa hapo tangu siku mwanawe alipoletwa.

"Mwangaluka, mayu," Felisita alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Wamekwambia uende nyumbani?"

"Kila siku wananiambia. Sijaenda. Watanifanya nini, watanifungia pamoja naye? Wafungue mlango basi, niingie."

Felisita alimwita Konstebo Salu, aliyekuwa dereva wake na mwandishi wake, wakaondoka.

*

Banda lilikuwa refu, lina ukuta mfupi wa matofali, juu yake wavu, na mapazia ya turubai ya kushusha jioni. Mtunza kuku, mama wa makamo aitwaye Anna, aliwapokea akiwa na ndoo ya mayai. Felisita alisimama pale Januarius aliposema alisimama, akaangalia pale mwili ulipolala. Si mbali. Mtu angeweza kurusha ufunguo na mwenzake akaudaka.

Kisha akawaangalia kuku. Yeye alikulia nao, na aliwajua kuku wa mayai wakibanwa wengi mahali pamoja walivyo na roho mbaya. Hawa walikuwa wanatembea taratibu, manyoya yote mwilini.

"Kuku wako wametulia sana, mama."

"Wako msibani hawa."

"Kuku?"

"Cheka tu, afande. Mabula alikuwa anakesha nao humu humu, wanamjua. Zamani kila asubuhi nikiingia nakuta wamedonoana, huyu mgongo hauna nyoya, yule ametobolewa nyuma utumbo uko nje. Nilikuwa natupa maiti mimi. Tangu Mabula afe, hakuna hata mmoja. Mpaka majirani wamekuja kuangalia. Wanaomboleza."

Konstebo Salu, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia.

"Vaa kofia, Salu," Felisita alisema. "Mama Anna, walianza kutulia lini?"

"Asubuhi ile ile. Naingia, Mabula yuko chini pale, nao kimya hivi hivi. Hakuna damu ya kuku hata tone."

"Kwa hiyo walitulia usiku, kabla mtu yeyote hajajua kuna msiba."

"Wao walijua. Walikuwepo."

Lilikuwa jibu zuri, lingemsumbua wakili yeyote. Felisita akaegemea ukuta.

"Nifundishe. Kuku anadonoa mwenzake kwa sababu gani?"

"Njaa. Joto. Kubanana. Na taa. Taa ikiwa kali usiku hawalali, wanaona kidonda, wanafuata damu. Bosi mwenye shamba alikuwa anamgombeza Mabula kila siku, punguza taa, punguza taa. Mabula anaitikia ndiyo bosi, bosi akiondoka anazungusha mpaka mwisho. Hakuwa anaogopa wezi yule. Alikuwa anaogopa giza."

"Chakula umebadilisha?"

"Ni kile kile."

"Wamepungua? Wamepata nafasi?"

"Ni wale wale."

"Na joto?"

"Si unaona ninavyovuja jasho."

"Basi imebaki taa. Nani huwa anaziona zikiwaka?"

Anna akafikiri. "Mabula tu. Mimi naondoka jua lingalipo. Mlinzi mpya anakaa getini, humu ndani haingii hata umvute."

Felisita akamwambia Salu ashushe mapazia yote. Banda likajaa giza na sauti ndogo ndogo za kuku waliodhani jioni imewahi. Kidude ukutani kilikuwa bado mwisho, vile vile kama kwenye picha, kwa kuwa askari walikizungushia utepe na hakuna aliyethubutu kukigusa. Akawasha swichi.

Taa ziliwaka, ila ziliwaka kinyonge. Mtu aliona kuna kuku, lakini hakuona ni wa rangi gani.

"Hii siyo taa yetu," Anna alisema polepole.

"Kizungushe wewe, mama, mpaka mwisho."

"Kiko mwisho."

Felisita akaomba kanga ya Anna, akatoka nje, akajifunika kichwa ili jua lisimsaidie, akachungulia kwenye wavu, simu yake ikirekodi video. Ndani walisimama wanaume watatu pale mwili ulipokuwa: Salu na vibarua wawili wa shamba. Aliwaambia wabadilishane nafasi bila kusema neno, kisha akataja majina. Alimtaja kibarua kwa jina la Salu, na Salu kwa jina la kibarua. Akarudia. Safari ya pili alipata mmoja, tena kwa urefu, si kwa sura. Alimwambia Salu aandike yote mawili, alipokosea na alipopata. Usiku wangelirudia zoezi hilo rasmi, lakini yeye alikuwa ameshaona.

"Leta bisibisi na ile mita ya umeme ya kwenye gari," alisema.

Kabla hajaingia upelelezi wa mauaji, Felisita alikaa miaka mitatu Dar kwenye kitengo cha vifaa vya umeme vya wizi, na huko hukai bila kujifunza kufungua boksi. Alipiga picha, akakata utepe, akafungua skrubu. Nyuma ya kidude, ambacho mafundi wa redio hukiita volyumu, zilitoka nyaya mbili, ya zambarau na ya kijivu, zikaenda hadi kwenye draiva, lile boksi la bati linalozilisha taa umeme. Draiva za namna hii hutuma umeme kidogo sana kwenye nyaya hizo na kupima unavyozuiwa. Ukizuiwa sana, taa zinawaka sana. Ukipita kirahisi, taa zinafifia. Volyumu yenyewe iliandikwa kilo mia, kipimo cha kuzuia umeme, na kilo mia ni mwanga wote.

Lakini kati ya miguu ya volyumu palikuwa na kitu kingine. Rezista moja, kijidude cha kuzuia umeme, ndogo kuliko punje ya mchele, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na chungwa. Kilo kumi. Sehemu zote za boksi la ukutani zilikuwa na vumbi zito la banda. Risasi ya kuchomelea iliyoishika rezista hiyo ilikuwa bado inang'aa.

Felisita akazima umeme, akachomoa nyaya mbili, akaweka mita, akamwonyesha Salu. Kidude kikiwa mwisho kabisa, mita ilisoma kilo tisa na kitu. Umeme uliozuiwa na volyumu ulikuwa umepata mlango wa pembeni. Hata mtu angezungusha mpaka mkono uchoke, mwanga ungekuwa kama sehemu moja ya kumi tu.

"Kwa hiyo kuku hawaombolezi," Salu alisema, kama aliyeonewa.

"Wanalala, Salu. Wamepata giza, wanalala. Mama Anna, fundi wenu wa taa ni nani?"

*

Fundi Masele alikuwa na duka dogo karibu na stendi, na alipomwona Felisita aliendelea kuchomelea spika ya mtu.

"Mimi habari za shamba lile sizijui," alisema kabla hajaulizwa.

"Sijataja shamba." Felisita akaweka picha ya boksi juu ya meza yake. "Nimekuja kusifia tu. Kazi safi. Nimewauliza watu, wanasema labda ni fundi wa Mwanza."

Masele aliangalia picha. Shingo ikamvimba. "Mwanza gani? Hiyo ni kazi yangu. Hapa Bariadi nani mwingine anachomelea bila kumwaga risasi?"

"Uliiweka lini?"

Hapo akagundua alichofanya, akaweka chini chuma cha kuchomelea. "Jumamosi. Mchana."

"Jumamosi aliyouawa Mabula?"

"Hiyo hiyo."

"Na hukuja kituoni."

"Nije niseme nini? Kwamba mimi ndiye niliyeingia bandani mchana, usiku mtu akauawa? Mngenipa soda? Ninyi mtu akija kusema, mnamweka ndani kwanza halafu ndiyo mnamsikiliza. Msiniangalie hivyo, ni kweli."

Ilikuwa kweli, kwa hiyo Felisita aliipitisha. "Nani alikutuma?"

"Bosi, kwa simu. Alisema Mabula anamwulia kuku kwa mwanga, amechoka kumgombeza. Nimwekee kitu ambacho hata akizungusha asipate zaidi. Asiambiwe mtu yeyote. Yeye Mabula azungushe na kushangaa."

"Uliwakuta nani?"

"Kibarua wa kunifungulia geti, akabaki kule kule getini. Mabula hajafika. Mama Anna ni Msabato, Jumamosi haji. Januarius wakaniambia kaenda Nyalikungu kufuata chakula cha kuku."

"Kwa hiyo jua lilipozama Jumamosi, taa zilikuwa zimeshapunguzwa, na waliojua ni wewe na bosi."

"Na sasa wewe."

Felisita akampigia mwenye shamba pale pale, mbele ya Masele. Bosi huyo akakiri kila kitu, kisha akauliza kwa mshangao rezista inahusiana nini na mauaji. Alikuwa Mwanza tangu wiki ya nyuma na maelezo ya shahidi hakuwahi kusomewa.

"Utakuja kuandikisha," Felisita alimwambia Masele.

"Mkiniweka ndani je?"

"Nikitaka kukuweka ndani ningekuja na askari, nisingekuja na sifa. Vaa shati."

*

Januarius alikuwa ameitwa kituoni siku hiyo kukamilisha karatasi zake za ushahidi. Alikuja amenyoosha suruali. Felisita alimvutia kiti, akamwambia Salu aandike.

"Tukumbushane kidogo kabla faili halijaenda. Usiku ule ulisimama wapi?"

"Kwenye wavu, karibu na mlango."

"Taa?"

"Zilikuwa zinawaka."

"Kidogo au sana?"

"Sana. Mabula hakuwahi kuzipunguza, kila mtu anajua."

"Sikuulizi anachojua kila mtu. Nakuuliza ulichoona wewe."

"Zilikuwa zinawaka sana, afande. Niliona mpaka kovu la Ndaki, hili la kwenye nyusi."

"Shati lake?"

"Bluu. Lina mistari."

"Kuku walikuwa wanafanya nini?"

Januarius akacheka kidogo. "Kuku?"

"Ndiyo. Walikuwa humo."

"Walikuwa na vurugu zao. Kelele, kudonoana. Kama siku zote."

"Salu, msomee. Januarius, ukiridhika saini."

Akasikiliza, akaridhika, akasaini kwa mwandiko mzuri. Felisita alisubiri wino ukauke. Kisha akaweka simu mezani, kwenye picha za video alizopiga asubuhi hiyo: mapazia chini, kidude mwisho, na watu watatu ambao mama zao wasingewatambua.

"Hapa ni wapi?"

"Bandani kwetu." Akainama kuangalia vizuri. "Mbona giza?"

"Kidude kiko mwisho. Angalia mwenyewe."

"Basi taa zimeharibika."

"Ni nzima. Zimefungwa rezista, haziwezi kuwaka zaidi ya hapo. Unadhani zimefungwa lini?"

"Sijui. Juzi juzi labda, baada ya msiba."

"Jumamosi mchana, ukiwa Nyalikungu. Jua lilipozama lilizikuta hivyo." Felisita hakuinua sauti. "Mtu aliyefika kwenye wavu ule usiku ule, kitu cha kwanza angeshangaa taa, ndipo ashangae maiti. Angeniambia, afande, siku hiyo hata taa zilikuwa na matatizo. Kuku walikuwa wamelala. Wewe umenieleza taa za Ijumaa, Januarius. Umenieleza kuku wa Ijumaa."

Januarius akaangalia saini yake.

"Ulikuwa wapi?"

"Nililala Nyalikungu," alisema. "Kuna mtu wangu kule. Zamu ya usimamizi ilikuwa yangu, na mlinzi nilimwacha peke yake. Bosi akijua, kazi sina."

"Kwa hiyo ukaamua uwepo."

"Nilirudi asubuhi nikakuta watu wote wanasema ni Ndaki. Wote, afande, mpaka askari. Nikaona nikisema nimemwona siongezi kitu."

"Umeongeza kitanzi," Felisita alisema. "Kwa mauaji mtu ananyongwa. Watu walikuwa na maneno tu, wewe ndiye uliyewapa kamba. Haya, anza upya, tangu ulipoondoka na gari. Na jina la huyo mtu wako, na nyumba yake. Tutampigia sasa hivi."

*

Josia alikuwa amesimama mlangoni tangu Felisita alipotaja taa za Ijumaa. Aliposogea kando kumpisha Felisita, kikombe hakikuwa mkononi.

"Nani kaua, sasa?"

"Sijui, afande."

"Kwa hiyo hatuna kitu."

"Tulikuwa hatuna kitu tangu Jumapili. Leo ndiyo tumejua."

"Watu watasema tumemwachia muuaji."

"Watasema."

Josia alipumua, akaliangalia faili, akaliweka kabatini na kulifunga kwa ufunguo. "Mtoe. Ila apitie mlango wa nyuma, yeye na mama yake. Kimya kimya. Sitaki mkutano wa hadhara nje ya kituo changu."

Ndaki alisikiliza yote akiwa amesimama katikati ya mahabusu, mikono nyuma. Alikuwa kijana mrefu, jicho moja bado limevimba. Felisita alipomaliza, akauliza swali moja.

"Kwa hiyo sikuua?"

"Hakuna aliyekuona. Hakuna kesi juu yako. Mkuu amesema upitie nyuma, mama yako atakusubiri huko."

Ndaki akakaa chini.

"Siendi."

"Ndaki, mlango uko wazi."

"Nauona. Mlinikamata wapi, afande? Wewe hukuwepo, nitakwambia. Mnadani. Ng'ombe wangu wako kwenye uzio, mnadi anataja jina langu, mkanifunga pingu. Mnadi akanyamaza. Watu wote wakanyamaza. Wazee waliokuwa wanipe binti yao walikuwa wamesimama hapo, wakageuka wakaondoka. Mkasema kwa sauti, huyu ndiye aliyemuua Mabula. Sasa niseme nini nikitokea kwa nyuma kama mwizi wa kuku? Mlinitoa mnadani mbele ya watu. Mnirudishe mnadani mbele ya watu, na aliyesema vile aseme vingine. Mnada uko mara mbili kwa wiki, ujao ni Jumamosi. Nitasubiri humu."

Felisita akausukuma mlango wa chuma mpaka ukagota ukutani, akauacha hivyo, akaenda kumleta mama yake. Mama akaingia bila kuuliza, akaketi karibu na mwanawe, akafungua kikapu.

Josia alifika akiwa anatembea haraka. Aliwakuta wanakula.

"Hii ni nini? Mtu anakataa kutoka mahabusu? Haijawahi kutokea."

"Anataka arudishwe mnadani Jumamosi, afande. Kwa gari lile lile. Na aliyemtangaza muuaji atangaze kwamba si muuaji."

"Nani alimtangaza?"

Felisita alimwangalia usoni. "Maelezo ya ukamataji nimeyasoma. Pingu ulifunga wewe, afande. Na maneno ulisema wewe."

Ndaki hakuinua kichwa. Alimega tonge, akachovya, akala. Josia alibaki amesimama kwenye mlango ule ulio wazi, na kwa muda ilikuwa wazi kwamba angependa kuufunga.

"Salu," alimwambia hatimaye dereva aliyekuwa nyuma yake, bila kugeuka. "Jumamosi hilo gari lisiende popote ila mnadani, na mimi nimo."